Kiganja Kwenye Mahameli

Asubuhi ya mtihani Sindano alikunywa chai nusu kikombe, akakisukuma kando. Baba yake alikuwa upande wa pili wa meza, amekwisha kuvaa koti lake la safari, maana yeye alikuwa dereva wa lori na siku hiyo alikuwa na mzigo wa mbali. Mzee huyo akiwa na safari lazima aseme yote kabla hajatoka, kama anavyofunga turubali juu ya mzigo: hapendi kitu kibaki kinapeperuka nyuma.

"Ukishinda leo, utakwenda," alisema.

"Nikishinda."

"Utashinda. Fundi wako mwenyewe aliniambia, kwenye karakana yake hakuna mkono kama wako. Mwaka mzima kiwanda cha samani, unafundishwa, unalala hapohapo, ukitoka una cheti. Nani anakataa kitu kama hicho?"

"Sijakataa, baba."

"Mdomo haujakataa. Uso umekataa."

Mama alikuwa anapiga pasi karibu na dirisha. "Mwache mtoto anywe chai," alisema bila kugeuka.

"Anywe, simzibi mdomo. Nataka tu ajue kwamba najua." Mzee akashusha sauti. "Yule kijana wako. Yule Mwenyekiti."

Sindano akatazama ndani ya kikombe. Mapenzi ni kikohozi, walisema wakubwa, hayafichiki; na yeye alikuwa amekohoa mpaka mtaa mzima ukasikia.

"Sina ugomvi naye," baba aliendelea. "Ana adabu, akiniona anasalimia. Lakini nikuulize. Shuleni hayupo. Chuoni hayupo. Kazini hayupo. Sasa yupo wapi?"

"Yupo karakana. Anajifunza kama mimi."

"Wewe ulisoma chuo cha ufundi, ukapelekwa pale ukiwa na barua mkononi. Yeye alifuata kiti."

Mama akacheka, akajifanya anakohoa. Hata Sindano midomo ilimcheza, kwa sababu ilikuwa kweli tupu.

"Awe na mahali," baba alisema. Sasa hakuwa anatania tena. "Popote pale. Mahali ambapo asubuhi mtu akimkosa atauliza, jamani, fulani yuko wapi leo? Siku hiyo nitamkaribisha kiti kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla ya hapo, mwanangu, usinitie majaribuni."

Akamaliza chai yake, akachukua funguo, akaondoka. Lakini yale maneno hayakuondoka naye. Awe na mahali. Sindano aliyabeba njia nzima, na alipofika karakana alikuwa ameshaamua jambo ambalo mtu mwenye moyo mzima asingeliamua. Wa kwake haukuwa mzima. Nusu yake ilikuwa imehama zamani.

*

Jina la Mwenyekiti alipewa na mtaa, na mtaa haukumpa kwa heshima.

Alikuwa amemaliza shule akafaulu kiasi cha kutosha kusifiwa, si kiasi cha kutosha kuendelea. Akatafuta kazi. Akatafuta tena. Halafu akaacha kutafuta, akakaa barazani kwao kwenye kiti kikubwa cha marehemu babu yake, kiti ambacho matumbo yake ya sponji yalikuwa yametoka nje. Asubuhi yupo, mchana yupo, jioni yupo. Watoto wakipita wanasema, "Shikamoo, Mwenyekiti, kikao kinaendeleaje?" Naye anajibu, "Bado hatujafikia ajenda." Watu wanacheka. Yeye pia anacheka, na anapocheka anatazama pembeni.

Sindano, msichana mwembamba mwenye ulimi mkali, na ndiyo maana akaitwa hivyo, alikuwa akipita hapo kila siku kwenda kujifunza kazi ya makochi. Kila akipita alikuwa anageuza shingo. Kijana akadhani anatazamwa yeye. Akaanza kuchana nywele mapema, akaanza kuvaa shati lenye vifungo vyote. Mpaka asubuhi moja msichana akasimama mbele yake.

"Kaka, samahani. Nimevumilia, nimeshindwa. Hicho kiti chako kinanitesa."

"Kiti?"

"Mikanda ya chini imekatika, si ndiyo? Ukikaa, kinalia upande wa kulia."

Kijana akainuka kidogo, akakaa tena. Kiti kikalia, upande wa kulia.

"Kilete karakana," Sindano alisema. "Kuna dhambi nyingine mtu hawezi kuzipita kila siku."

Basi kijana akakibeba kiti cha babu yake kichwani mtaa mzima, watu wakimshangilia kwamba leo Mwenyekiti amehamisha ofisi. Fundi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akakiweka foleni nyuma ya kazi nyingine. Na hapo ndipo mambo yalipoanza. Kiti kikiwa karakana, kijana hakuwa na pa kukaa. Kesho yake akaja kuuliza kimefikia wapi. Kesho kutwa akaja tena. Fundi akamwambia, "Mwanangu, badala ya kusimama hapo unaniuliza, hebu shika huu mkanda, vuta." Akashika. Akavuta. Kiti kilipokwisha, yeye hakukirudia. Kikarudi kwao bila yeye, mama yake akakiweka ndani.

Sindano ndiye aliyemfundisha mahameli. Siku ya kwanza alimshika mkono, akakipitisha kiganja chake juu ya kitambaa, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele.

"Unasikiaje?"

"Laini."

"Sasa rudi kinyume."

"Kinakataa."

"Ndiyo. Vinyweleo vyake vimelala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Ukivifuata, kitambaa kinang'aa. Ukivipinga, kinakuwa cheusi. Kwenye kiti vinalala kuja mbele, kwenye egemeo vinashuka chini. Ukigeuza kipande kimoja tu, kiti kizima kinaonekana kimevaa suruali ya mtu mwingine. Kwa hiyo kabla hujakata, papasa, halafu chora mshale kwa chaki upande wa ndani. Umenisikia?"

Alikuwa amemsikia. Alikuwa amesikia pia kwamba mkono wake bado umeshikwa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuachia.

*

Nafasi ya kiwanda ilikuwa moja, na wanafunzi walikuwa wawili.

Fundi hakutaka kuchagua kwa maneno. Aliwapa fremu mbili za aina moja na kitambaa kimoja, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, akasema kila mtu amalize kiti chake, mgeni wa kiwandani atakuja kuvitazama mwenyewe. Wakafanya kazi migongo imegeukiana, kila mmoja pembeni kwake. Saa za kula zilipofika, viti vyote viwili vilikuwa vimesimama. Fundi akavua aproni.

"Namfuata mgeni kituoni, asije akapotea. Msiguse kitu," alisema, akatoka.

Wakabaki wawili, na vumbi la sponji likielea kwenye mwanga wa dirisha. Sindano aliketi kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, akajifanya anakunja futi ya kupimia.

Mwenyekiti alikizunguka kiti chake mara moja, akakuna kichwa. Kona zilikuwa zimemshinda kidogo. Kisha akaenda kwenye kiti cha Sindano, si kwa wivu, bali kama mwanafunzi anayependa kuona mwalimu wake ameandikaje. Kona zimekunjwa kama bahasha. Mishono imenyooka. Akanyoosha kiganja bila kufikiri, kama alivyofundishwa, akapapasa mto wa kukalia kutoka nyuma kuja mbele.

Ukakataa.

Akarudia. Akainama, akatazama kwa ubavu kwenye mwanga. Egemeo lilikuwa linang'aa. Mto ulikuwa mweusi.

"Sindano."

"Mm."

"Njoo upitishe mkono hapa."

"Nimeshapitisha."

"Pitisha tena."

"Nimechoka, Mwenyekiti. Kama kuna kosa, kuna kosa. Watu hukosea."

"Watu, ndiyo," kijana alisema polepole. "Wewe, hapana."

Akaunyanyua mto, akafungua zipu ya nyuma, akachungulia ndani kwa kulisukuma sponji pembeni. Kisha akauleta, akapiga goti mbele ya gunia, akamfungulia na yeye aone. Upande wa ndani wa kitambaa kulikuwa na mshale wa chaki, mkubwa, mzuri, na ulikuwa umechorwa mara mbili, mmoja juu ya mwingine. Mshale ulikuwa unaelekea kwenye zipu, yaani nyuma.

"Mtu aliyechora mara mbili hakusahau," alisema. "Ulijua unakwenda wapi, ukageuza kwa makusudi."

Sindano aliizungusha futi vidoleni.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka unitamkie."

"Kwa sababu nafasi ni moja." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko jina lake. "Mimi nina cheti cha chuo, nitapata mahali pengine. Baba anataka uwe na mahali. Amesema leo asubuhi, ukiwa na mahali atakukaribisha mwenyewe. Ukienda wewe mwaka mmoja, ukirudi hakuna mtu wa kukuuliza kitu. Mimi nitakuwa hapa. Nitakungoja. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba nitakuwa nimekaa kwenye kiti chako."

"Usinifanyie mafumbo sasa hivi."

"Siyo fumbo." Akauweka mto sakafuni, akakaa chini karibu naye, mabega yao yakikaribiana bila kugusana. "Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Watu walikuwa wanadhani pale barazani nilikuwa mvivu. Mimi nilizunguka, Sindano. Kila nilipobisha hodi waliniuliza, ulifanya kazi wapi kabla ya hapa? Nikisema popote sijafanya, wanasema basi nenda kwanza ukafanye mahali. Nikauliza wapi, wakafunga mlango. Ukikataliwa sana unajifunza kukaa. Kukaa hakukukatai."

Sindano akageuza uso kumtazama. Kwa muda wote waliofahamiana hakuwahi kumsikia akilisema hilo bila kuweka mzaha juu yake.

"Halafu ukaja wewe," aliendelea. "Kila mtu aliyepita alikuwa ananicheka au ananionea huruma. Mama yangu ananionea huruma mpaka kwenye chakula, ananipa kipande kikubwa. Wewe ukasimama mbele yangu, ukakihurumia kiti."

Sindano akacheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko.

"Kilikuwa kinalia upande wa kulia," alisema.

"Ndiyo. Na hicho ndicho kilichoniinua. Ungenihurumia mimi, ningekuwa nimekaa pale mpaka leo. Sasa leo unakwenda kuniharibia."

"Si huruma."

"Ni nini?"

"Nakupenda, mjinga wewe."

Hawakuwahi kuambiana neno hilo. Walikuwa wamelizunguka miezi mingi kama watu wanaozunguka shimo la maji njiani, kila mmoja akijua lipo. Kijana alitazama mikono yake, yenye gundi kavu kwenye kucha.

"Basi nipende nikiwa nimesimama," alisema mwisho.

"Na nikiondoka? Mwaka mzima?" Sasa maneno yalimtoka Sindano bila mpangilio, kama vitambaa vinavyomwagika kutoka kwenye gunia. "Nani atakuamsha? Nani atakutania? Watoto wataanza tena, kikao kinaendeleaje. Siku moja utakuwa na homa, utasema leo siendi. Kesho utasema siendi. Mama yako atakirudisha kile kiti barazani ili upate upepo. Nitarudi na cheti changu nikukute pale pale."

Hapo ndipo palipouma. Sindano aliona neno hilo linavyomwingia, akatamani kulirudisha, lakini neno si uzi, ukilivuta halirudi.

"Kumbe ndicho unachoogopa," Mwenyekiti alisema.

"Ndiyo."

"Siyo baba yako."

"Baba namwogopa pia. Lakini ndiyo."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, akaacha, akaanza tena.

"Niulize basi," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Hicho ulichonijibia bila kuniuliza."

"Nikiondoka, utarudi kukaa?"

"Nitaogopa. Asubuhi nyingine nitakuja hapa miguu imekuwa mizito, nakwambia ukweli. Kukaa, sitakaa."

Alilisema kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Wala hakumshika mkono ili kulipamba. Na kwa sababu halikupambwa, Sindano akaliamini, na akaogopa zaidi, kwa maana sasa hakuwa na sababu ya kubaki isipokuwa ile ya kwamba hataki kuachana naye hata siku moja.

Mwenyekiti akanyanyuka, akachukua wembe juu ya meza.

"Kufumua nitafumua mimi," alisema. "Kushona utashona wewe. Mtihani ni wako, sikushonei. Ukikaa hapo kwenye gunia mpaka Fundi na mgeni wafike, basi watakuta mto uliofumuliwa na mimi nitawaambia nimeufumua, na wote wawili tutakosa."

"Huna haya."

"Sina. Nilifundishwa na mtu mwenye ulimi."

Akakaa dirishani, akaanza kukata uzi mmoja mmoja kuzunguka kipande cha juu. Kuugeuza mto wenyewe kusingefaa, zipu ingekuja mbele kila mtu aione. Kilichotakiwa ni kile kipande kitoke, kigeuzwe, kishonwe upya. Alikata bila haraka, ncha ya wembe ikiinua mshono bila kugusa kitambaa. Sindano alimtazama. Aliona jinsi anavyouma mdomo wa chini. Aliona kovu dogo la pini kwenye kidole gumba, la wiki yake ya kwanza, siku alipojichoma akasema hakuumia huku machozi yanamlenga. Akafikiri, huu mkono nisiuone mwaka mzima?

Kipande kilipotoka, kijana alikitandika juu ya cherehani, mshale ukielekea mbele, akasogea pembeni.

Sindano akabaki kwenye gunia.

Sauti ya Fundi ikasikika kwa mbali barabarani, akicheka kicheko chake cha wageni. Cherehani ilikuwa pale. Kijana alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma, na rangi imemtoka usoni, lakini hakumwita.

Ndipo Sindano akasimama. Alivuta kiti cha cherehani kwa mguu, akaingiza kitambaa chini ya sindano, na mashine ikaanza kulia.

"Sogeza huo upande, unanizibia mwanga," alisema, akifuta macho kwa bega.

"Haya, mwalimu."

"Na nyamaza."

"Nimenyamaza."

"Unanyamaza kwa sauti."

Upande wa kwanza, wa pili, kona, wa tatu. Yeye anashona, mwenzake anashikilia kitambaa kisivute. Vidole vyao vilikutana kwenye kila kona, vikaachana, vikakutana. Fundi alipogusa kitasa cha mlango, Sindano alikuwa anafunga zipu, na Mwenyekiti alikuwa anasukuma nyuzi kwa mguu chini ya meza.

*

Mgeni alikuwa mama mnene, mtaratibu, aliyevua pete zake zote kabla ya kugusa kitambaa. Hakuuliza kiti kipi ni cha nani. Alipapasa, akabonyeza, akainama kutazama chini, akakalia kimoja, akafumba macho, akahamia cha pili.

"Hiki," alisema, mkono kwenye kiti cha Sindano. Kisha akageukia kile kingine. "Na hiki kimekaa vizuri, sponji limepangwa na mtu anayejua mgongo wa binadamu. Lakini kona zina haraka. Mwenye kiti hiki apunguze haraka."

"Nimesikia, mama," Mwenyekiti alisema. "Nimekuwa wa pili. Kati ya wawili si vibaya."

Mgeni akacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya meza kupitia miwani yake iliyofungwa uzi. Akamtazama Sindano, akamtazama kijana, akavuta ufagio, akazifagia zile nyuzi mwenyewe mpaka zikaisha.

"Benchi la binti litakuwa tupu," alisema bila kumwangalia mtu. "Kuanzia wiki ijayo wewe ndiye utakayekaa hapo. Nina oda ya makochi, mkono wangu mmoja hautoshi. Na kona hizo utazikunja mpaka uziote."

"Nitasimama hapo, Fundi," kijana alisema.

*

Siku ya kuondoka, lori lilisimama mbele ya karakana likitetemeka. Baba alikuwa amerudi safari, na alikubali kumpitisha binti yake hapo aage, ingawa haikuwa njiani. Sanduku lilikuwa nyuma. Mama alikuwa amebaki nyumbani, hapendi kuaga mbele za watu.

Mzee alishuka, akafunga mlango kwa kiuno. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na aproni, misumari midogo mdomoni. Akaitema haraka kiganjani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Baba wa nani?"

"Shikamoo, mzee."

"Hapo sawa." Akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kama anavyotazama tairi. "Binti yangu amenisimulia habari za mto."

Kijana akamtupia Sindano jicho. Sindano alikuwa anasoma maandishi ya tairi.

"Alinisimulia jana jioni mwanzo mpaka mwisho, nikashindwa hata kula kwa raha. Mimi nilikuwa nataka ukae mbali naye. Nikufiche nini? Nilifurahi nafasi ni moja. Kumbe hiyo moja ilikuwa imekuangukia mkononi, ukairudisha." Akavuta pumzi. "Sasa nilisema neno pale nyumbani, na mimi nikisema neno nalifunga kamba. Nilisema siku ukiwa na mahali nitakukaribisha kiti kwa mkono wangu mwenyewe."

Akageuka, akaufungua mlango wa lori kwa nguvu, akaonyesha ndani. Kiti cha dereva kilikuwa kimepasuka katikati, sponji limekonda kama sahani, gunia limetandikwa juu yake.

"Kiti chenyewe ni hicho. Karibu. Mgongo wangu unaniua. Unaweza?"

Mwenyekiti akasogea, akaingiza mkono chini ya gunia, akabonyeza, akapapasa kona. Sindano aliyaona macho yake yakibadilika, yakawa yale ya mtu aliye kazini.

"Naweza. Lakini hili sponji lote litoke, na mikanda ya chini ibadilishwe. Ukikaa, kinalia?"

"Kinapiga kelele kuliko injini."

"Upande gani?"

"Wa kulia," mzee akasema, na hakuelewa kwa nini binti yake amejifunika uso kwa kitenge.

"Nikimfikisha huyu nitaleta gari Jumatatu asubuhi. Nikija nisikukute, nitauliza uko wapi. Na usijisahau. Sijakuita mkwe." Akapanda, akatafuta funguo mfukoni muda mrefu kuliko ulivyohitajika, uso ameuelekeza barabarani. "Muage basi, fundi. Kiwanda hakitungoji."

Fundi. Kijana akageuka nyuma kuona kama mzee wa karakana ametoka. Hakuwa ametoka. Hapakuwa na mwingine pale.

Sindano aliingia ndani ya karakana, naye akamfuata. Kiti chake cha mtihani kilikuwa dirishani, damu ya mzee ikiwaka kwenye jua. Alikiinamia, akakifungua kiganja chake, akakibandika katikati ya mto, vidole vyote vimetanuka, kisha akakisukuma nyuma kidogo, kinyume na vinyweleo. Alipoinua mkono, kiganja kilibaki pale, cheusi, wazi, kama mtu aliyekaa kidogo akaondoka.

"Usikifute," alisema.

"Sitakifuta."

"Na wewe usinisindikize mpaka barabarani. Nitalia, baba atapata cha kunisema njia nzima."

"Nenda basi. Kona zinaningoja."

Sindano akauchukua mkono wa kijana, ule wenye kovu la pini, akaupitisha shavuni mwake taratibu kutoka sikioni kuja kidevuni, akaangalia kama unakataa. Haukukataa. Akauachia, akatoka bila kugeuka.

Lori lililia, likaondoka, vumbi likatulia. Alasiri akaingia mama mmoja mteja, akazunguka karakana akivikagua viti, akaishia dirishani. Akavuta gauni lake tayari kukaa.

"Hapo hapana, mama, samahani," Mwenyekiti alisema kutoka kwenye benchi, nyundo mkononi. "Hicho kina mtu. Karibu hiki kingine."

Mama akatazama kile kiti kitupu, akamtazama kijana, akataka kuuliza, akaacha. Yeye alikuwa ameshainama tena, anakunja kona, polepole.